Siku ya Nne ni ya Kwao

"Mgeni siku tatu, ya nne ni ya kwao."

Hayo ndiyo maneno mliyomsikia shangazi yenu Rukia akimwambia mgeni wetu leo asubuhi, alipokuwa akimfungia maandazi ya njiani. Niliwaona mkitazamana. Sasa mmekuja kuniuliza kama ni adabu kumwambia mtu maneno kama hayo mlangoni, naye bado hajavaa viatu. Mnadhani ni methali ya kumfukuza mgeni. Wengi hudhani hivyo, hata watu wazima, kwa sababu ipo ile nyingine ya kumpa mgeni jembe, nao huzichanganya. Kaeni niwaeleze ilikotoka, kama nilivyoelezwa na bibi yangu mzaa mama, ambaye naye aliipata kwa watu wa Kondoa. Mwanzo wake ulikuwa huu.

Zamani, wakati Kondoa ikijulikana zaidi kwa jina la Irangi, misafara ya pwani ilikuwa ikipita pale kwenda Unyanyembe na Manyema, na kurudi. Aliishi pale mzee mmoja aitwaye Yeslam bin Karama. Baba yake alitoka Shihr, katika nchi ya Hadhramaut. Yeye mwenyewe alizaliwa pwani, akafika Irangi ujanani kuuza nguo na chumvi, akamwoa binti wa hapo, Mrangi, jina lake Mastura. Walijenga nyumba ya udongo yenye paa bapa, na upande unaotazama njia wakaweka chumba cha wageni. Chumba hicho hakikuwa na komeo.

Yeslam alikuwa mkali katika jambo moja, nalo ni heshima ya mgeni. Alifuata mila aliyoikuta kwa baba yake. Mgeni akifika haulizwi anatoka wapi wala anakwenda wapi. Hupewa maji ya kunawa, akalishwa, na punda wake akanyweshwa. Siku ya tatu, baada ya kahawa ya alasiri, ndipo mwenyeji humuuliza habari zake na haja yake, ili kama kuna la kusaidia asaidiwe. Asubuhi inayofuata mgeni huaga. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka, na kwamba si halali mgeni kukaa kwa mwenzake mpaka akamtia dhiki. Hilo kila mtu pale Irangi alilijua.

Yeslam na mkewe walikuwa na mtoto mmoja tu, Mbarak. Alipokuwa kijana aliondoka na msafara kwenda magharibi. Alisema angerudi mvua zikianza. Mvua zilianza, zikaisha, zikaanza tena, na watu wakaacha kuhesabu. Msafara wake, walisikia, ulivunjika huko mbele kwa maradhi na vita, kila mtu akashika njia yake. Zaidi ya hapo hawakupata neno. Kwa hiyo kila mgeni aliyetoka magharibi, Yeslam alimngoja kwa subira mpaka siku ya tatu, kisha akamuuliza, na kila mmoja alitikisa kichwa. Bi Mastura hakuuliza. Alikuwa akisimama nyuma ya mlango wa ndani, na bakuli tupu mkononi, akisikiliza.

Siku moja akaja kijana aitwaye Sudi, mtu wa Pangani, fundi wa kushona shogi, ile mifuko mikubwa anayobebeshwa punda ubavu huku na huku. Alikuwa peke yake na punda wake, amekonda kwa homa, amejitenga na wenzake kwa sababu hakuweza kwenda kwa mwendo wao. Yeslam akampokea kama alivyowapokea wote. Bi Mastura akampikia uji wa mtama, kisha nyama alipopata nguvu. Siku ya tatu, kahawa ikaisha vikombeni, na mzee akamuuliza habari zake.

Sudi akaeleza. Alikwenda Manyema miaka mingi iliyopita na hakuwa na nia ya kukaa. Sasa alikuwa akirudi kwa haraka, maana alipofika Tabora alikutana na wapagazi wa kwao waliomletea salamu kutoka kwa majirani. Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa ameanza kusahau. Alisahau kama chungu amekitia chumvi, na majirani alianza kuyapoteza majina yao. "Lako bado analo," wale majirani walituma kusema. "Analitaja kila siku. Njoo."

Yeslam alimpa pole, akamwombea mama dua. Kisha, kama ilivyokuwa desturi yake, akauliza kama huko Manyema aliwahi kukutana na kijana wa Irangi aitwaye Mbarak.

Sudi akaweka kikombe chini. Akauliza kama ni yule aliyevunjika jino la mbele, mwenye kuziba mdomo kwa mkono anapocheka.

Nyuma ya mlango bakuli lilianguka.

Jioni ile nyumba haikuwa nyumba tena. Jirani walikuja, watu wakalia, watu wakacheka. Sudi akasimulia jinsi alivyokutana na Mbarak, jinsi Mbarak alivyomuuguza homa yake ya kwanza, jinsi alivyokuwa akiimba kwa Kirangi anapochota maji, mpaka watoto wa huko wakajua maneno bila kujua maana yake. Yeslam alikuwa amemshika mkono hamwachii. Habari za Bi Mwanakombo wa Pangani zilisahaulika kabla taa haijawashwa.

Asubuhi Sudi alimtandika punda wake. Yeslam akatoka, akasema kwato ya punda yule ina ufa, akae kesho tu ipone. Kesho yake ikawa Alhamisi, na mtu haachi Ijumaa nyuma yake akaingia porini. Baada ya Ijumaa mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa kwa ajili yake. Kisha mzee akasema pori la mbele si la mtu mmoja, angoje msafara uelekeao pwani. Msafara ulipokuja akamwambia kiongozi wake ni mtu mgomvi, angoje mwingine. Kila siku baada ya alasiri kahawa ilimiminwa, na mzee akasema, "Haya mwanangu, tuambie."

Sudi hakuwa mtu dhaifu, ila alikuwa na haya. Alikula chumvi ya watu wale. Angewezaje kumwambia mzee anayelia kwamba inatosha? Kutoroka kama mwizi aliona ni tusi kubwa kuliko yote. Tena, na hili alikuja kulisema mwenyewe baadaye, baba yake alikufa yeye akiwa mchanga, na ilikuwa tamu kwake kuitwa mwanangu na mwanamume. Basi akakaa. Mtama uliokuwa unachipua alipofika ukaanza kutoa masuke, na yeye yupo.

Habari za Mbarak zilikwisha mapema. Sudi akazirudia. Zilipochakaa akaziongezea kidogo, na mwisho akaanza kuzitunga. Alimpa Mbarak safari ambazo hakusafiri na ushujaa ambao hakuuona. Mzee alizipokea zote, na usiku alizirudia kwa mkewe kitandani kama mtu anayesoma dua.

Siku moja Sudi akasimulia jinsi Mbarak alivyopanda mti mrefu akapakua asali kwa mikono mitupu. Yeslam akajipiga paja kwa furaha. Bi Mastura akamtazama mumewe. Mbarak alipokuwa mdogo alishambuliwa na nyuki mpaka uso ukavimba, na tangu hapo hata mtungi wa asali ndani ya nyumba aliupitia mbali. Baba mtu alilijua hilo kama yeye. Alikuwa amechagua kulisahau.

Kesho yake mchana, Yeslam akiwa msikitini, Bi Mastura alimwendea Sudi uani, alipokuwa akishona shogi iliyochanika. Akaketi karibu naye juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Mwanangu," akasema, "ulikaa na Mbarak muda gani?"

Sudi aliendelea kushona. Kisha sindano ikasimama.

"Siku tatu, mama."

"Tu?"

"Siku tatu tu. Asubuhi ya nne alinisindikiza mpaka mtoni. Mimi nilitaka kukaa, nilikuwa bado mdhaifu. Akaniambia, nenda, una mama. Nikamwambia, na wewe je, huna? Akageuza uso."

Bi Mastura akamwomba amweleze yote, asimfiche. Ndipo Sudi akamwambia jambo ambalo siku zote hizo hakulisema, kwa kuogopa kuwaumiza. Mbarak hakufungwa wala hakupotea. Msafara wake ulipovunjika aliokotwa njiani na mzee mmoja tajiri wa huko, Mzee Rubea, asiye na mtoto. Mzee huyo alimtibu, akamvisha, akamlisha, akampenda. Kila Mbarak aliposema anaondoka, mzee alilia na kushika upindo wa kanzu yake. Akae mpaka mavuno. Akae mpaka mwezi wa Ramadhani upite. Hakuna aliyemzuia kwa nguvu. Alizuiwa kwa wema, na kwa wema mtu hajui pa kushika ajinasue.

Kuku walikuja wakadonoa karibu na miguu ya Bi Mastura, hakuwafukuza. Kisha akauliza kama mwanawe ana afya, na kama anapata kulala vizuri. Sudi akasema ndiyo. Akauliza kama humtaja.

"Aliniambia mkono wako unanukia moshi wa mkuyu," Sudi akasema. "Akasema moshi wa kule haunuki hivyo."

Bi Mastura akainuka, akaingia ndani.

Yeslam aliporudi kutoka msikitini alikuta shogi za mgeni ziko barazani zimejaa unga, nyama kavu na maboga. Akauliza ni nani anayesafiri. Bi Mastura akamwambia ni Sudi, na kwamba kuna msafara umepiga kambi karibu na chemchemi, unaondoka alfajiri kwenda pwani.

"Mama Mbarak," Yeslam akasema, "humwoni kijana bado amekonda? Na je, amewahi kulalamika? Nimemnyima nini?"

"Hujamnyima kitu."

"Basi niache na mgeni wangu. Siku tatu zilikuwa haki yake. Zilizozidi ni sadaka yangu, na Mwenyezi Mungu hazuii mtu kutoa sadaka."

"Sadaka mtu hutoa katika mali yake, Baba Mbarak," mkewe akamjibu. "Unga ni wako, mbuzi ni wako. Siku hizi si zako. Ni za yule mama wa Pangani, na sisi tunazila kila siku baada ya alasiri pamoja na kahawa."

Yeslam akasema kwa hasira kwamba yeye anataka kumsikia mwanawe tu, je, hilo nalo ni dhambi? Ndipo Bi Mastura akamweleza habari ya Mzee Rubea. Alimweleza polepole, bila kupandisha sauti, mpaka akafika mahali pa ule upindo wa kanzu. Pale Yeslam akakaa chini.

"Huko nako kuna baraza kama hii," mkewe akasema, "na mzee mwema kama wewe, anamwambia mwanangu akae kesho tu. Mimi ninamwomba Mungu kila sala amtie huruma mzee yule amwachie. Nitaombaje, na mtoto wa mwenzangu yuko chumbani mwangu?"

Mzee alikaa pale barazani mpaka magharibi ikaadhiniwa. Lakini alfajiri alikuwa wa kwanza kuamka. Alimtandika punda kwa mikono yake, akazikaza kamba za shogi, akamsindikiza Sudi mpaka kwenye msafara. Alimwomba radhi mbele ya watu, na Sudi akambusu mkono. Bi Mastura alikuwa amesimama kando. Alipoona mumewe ameanza tena kulia, na Sudi ameanza kusitasita, akasema, "Nenda, mwanangu. Mgeni siku tatu, ya nne ni ya kwao. Tumekwisha kuchukua nyingi ambazo si zetu." Hapo ndipo maneno hayo yaliposemwa mara ya kwanza.

Ulipita muda mrefu. Siku moja kiongozi wa msafara uliotoka Pangani alilala kwa Yeslam, na siku ya tatu, alipoulizwa habari za pwani, alisema ana salamu za fundi Sudi. Yeslam akauliza kwa furaha kama alimkuta mama yake.

Alimkuta, yule kiongozi akasema. Alimkuta hai, mzima wa mwili, amekaa kizingitini akichambua mchele. Sudi alimwamkia akapiga magoti. Bi Mwanakombo akamtazama, akatabasamu, akamsogezea mkeka. "Karibu mgeni," akamwambia. "Unaonekana umetoka mbali. Keti, nikuletee maji."

Sudi alidhani anamtania. Akamtajia jina lake. Mama akasema ni jina zuri, akaenda kuleta maji.

Majirani walimweleza kwamba mpaka mtama ulipotoa masuke alikuwa bado akilitaja jina la mwanawe. Alikuwa akitoka mpaka njia panda kumtazamia. Kisha siku moja hakutoka, wala hakulitaja tena. Sudi alikaa na mama yake katika nyumba aliyozaliwa, na kila asubuhi mama alimkaribisha upya na kumpa mahali pazuri pa kukaa, kama mtu mwenye adabu anavyomfanyia mgeni. Hakumlaumu mtu. Katika salamu zake hakutia neno la uchungu. Alimwagiza tu kiongozi amwambie Bi Mastura kwamba alifika.

Yeslam aliposikia hayo aliinuka akaingia chumba cha wageni, akakaa humo peke yake. Tangu siku ile hakumwomba tena mgeni yeyote akae zaidi. Asubuhi ya nne alimsindikiza mwenyewe mpaka njiani, na hata mgeni alipotaka kukaa kwa sababu ya ukarimu wa nyumba ile, alimwambia, "Mgeni siku tatu, ya nne ni ya kwao." Wageni hawakuudhika. Waliona uso wake alipokuwa akisema.

Yeslam alikufa Mbarak hajarudi. Bi Mastura akabaki na nyumba, na chumba cha wageni hakikuwekwa komeo. Yeye naye aliwasindikiza watu asubuhi ya nne. Ila kwa wale waliokuwa wakielekea magharibi aliongeza ombi. Aliwaambia kwamba popote watakapolala, huko mbele, wawaambie wenyeji wao maneno haya, na wenyeji wawaambie wageni wengine. Hakuwaeleza kwa nini. Wasafiri wakayachukua maneno kama mtu anavyochukua wimbo, wakayaacha Unyanyembe, wakayaacha Ujiji, wakayavusha ziwa. Hivyo ndivyo methali hii ilivyoenea. Watu waliirithi kama hekima. Aliyeituma aliituma kama barua isiyoandikwa, iende nyumba kwa nyumba mpaka ifike kwenye baraza ya Mzee Rubea.

Bi Mastura alipokuwa mzee sana, macho yameingia ukungu, alikuja mchuuzi kijana kutoka upande wa magharibi. Akalala kwake siku tatu. Asubuhi ya nne bibi alitoka na fimbo yake kumsindikiza, na kabla hajafungua kinywa, kijana akacheka akasema, "Najua, bibi, nisikuchoshe. Mgeni siku tatu, ya nne ni ya kwao."

Bi Mastura akamshika mkono. "Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Hakuna aliyenifundisha. Kwetu Manyema kila mtu huyasema."

Akamuuliza kama anamjua mtu wa makamo aitwaye Mbarak, mwenye kuziba mdomo kwa mkono anapocheka. Kijana alifikiri kwa makini, lakini hakumjua. Bi Mastura aliendelea kumshika mkono kidogo, kisha akamwachia, akamwambia aende asichelewe na jua.

Bibi yangu alisema kwamba siku ile Bi Mastura alirudi barazani akakaa akiitazama njia, na watu waliompitia walimwona ana furaha na anatokwa na machozi. Neno lake lilikuwa limefika. Kama lilifika na kwenye baraza ile, na kama mzee yule aliachia upindo wa kanzu, na kama Mbarak alikuwa tayari njiani, hayo hakuyajua, na mimi siyajui.

Sasa mfikirieni shangazi yenu. Mwanawe Twaha alikwenda Maskati mkiwa bado mnabebwa, na hamumkumbuki hata sura. Simu hupigwa, ndiyo, na kila mara husema watu wa huko wamemzoea, wanamwomba akae kidogo. Yule mgeni wa leo alikuwa tayari kukaa mpaka wiki ijayo, alinong'ona hivyo jana kwenye chakula, na ni kijana mzuri, nyumba ilichangamka kwa ajili yake. Shangazi yenu alimpenda kuliko sisi sote. Ndiyo sababu aliamka kabla ya adhana kumkaangia maandazi, akamfungia, akasimama naye mlangoni, na mkono wake begani mwake, akamwambia yale mliyoyasikia.

Mgeni siku tatu, ya nne ni ya kwao.